Programu inafanya kazi, lakini maonyo ni 143: niyazime?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Jinja. Ninatunza programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayoweka hesabu za chama cha akiba na mikopo. Juzi niliijenga kwa GCC, yaani kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, nikiwa nimewasha swichi ya -Wall inayoonyesha maonyo, nikaona 143. Mkubwa wangu wa kazi anasema programu imetumika miaka mitatu bila shida, kwa hiyo niyazime yote kwa -w. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikiijenga mara ya pili maonyo hubaki mawili au matatu, ilhali sijarekebisha kitu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usiyazime. Nianze na hilo linalokuchanganya, maana limewapoteza wengi. Amri ya make, inayosimamia ujenzi, hupeleka kwa kompaila faili zilizobadilika tu, na faili ambayo kompaila haikuisoma haiwezi kutolewa onyo. Maonyo yako 143 bado yapo yote. Futa kwanza matokeo ya ujenzi uliopita, kwa kawaida kwa make clean, kisha jenga upya huku ukihifadhi ujumbe wote katika faili, upate orodha kamili.

Katika orodha hiyo tafuta kwanza mistari inayoishia na -Wformat, kwa sababu chama kinachohesabu shilingi za Uganda hufikia tarakimu kubwa upesi. Tuseme akiba ya wanachama ni shilingi 2,300,000,000, imehifadhiwa katika kigeu (mahali penye jina pa kuhifadhi thamani) cha aina ya long long, yaani ya namba nzima kubwa, lakini ripoti inaichapa kwa alama ya %d. Alama hiyo ni ya int, aina ya namba nzima ya kawaida, ambayo katika kompyuta tunazotumia kikomo chake ni 2,147,483,647. Siku akiba itakapovuka hapo, mweka hazina anaweza kukuta kwenye karatasi -1,994,967,296, ingawa kiasi kilichohifadhiwa ni sahihi kabisa. Ukiweka %lld mahali pa %d, onyo na kosa huondoka pamoja. Huenda miaka hiyo mitatu imepita salama kwa kuwa fedha za chama zilikuwa bado chache; mweleze mkubwa wako kwa heshima, ukimfungulia mstari wenyewe auone.

Baada ya hapo shughulikia vigeu vinavyosomwa kabla ya kupewa thamani. Maonyo ya vigeu visivyotumika ndiyo huwa mengi, na kishawishi ni kuvifuta mbio mbio. Nakusihi usome kila kimoja kabla ya kukifuta, kwani pengine riba ilikokotolewa, ikawekwa katika kigeu, kisha ikasahauliwa pasipo kujumlishwa popote. Vilevile usilazimishe ubadilishaji wa aina ili tu kompaila inyamaze. Namba kubwa itakatwa vilevile, na safari hii hakuna atakayekuambia.

Maonyo yanayotoka kwenye maktaba za watu wengine si mzigo wako. Unapoielekeza kompaila kwenye folda ya maktaba hiyo, itaje kwa -isystem badala ya -I, nayo GCC itayaacha.

Orodha ikifika sifuri, washa -Werror, ambayo hugeuza kila onyo kuwa kosa linalosimamisha ujenzi. Leo onyo la 144 likiingia hutaliona kati ya wenzake. Ukianzia sifuri utaliona siku ile ile. Hata hivyo, iweke kwenye mashine yako na ya majaribio tu, usiiache katika msimbo unaowakabidhi wengine, kwa kuwa kompaila mpya huja na maonyo mapya na kazi iliyokuwa ikijengeka jana hukwama. Mwaka 2021 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliiwasha kwa ujenzi wote wa kiini cha Linux, na baada ya siku chache ikabidi aipunguze, ibaki imewashwa yenyewe katika ujenzi wa majaribio.

Mwisho, -Wall haiwashi yote, licha ya jina lake. Ongeza -Wextra, na kwa programu ya fedha ongeza pia -Wconversion, inayokuonya pale thamani kubwa inapotiwa katika kigeu kidogo.