Jibu: Programu huria na visima vya Yumbe, Uganda

Ndugu yangu, umeuliza kama programu huria (za kompyuta na simu, ambazo yeyote aweza kuzitumia na kuzirekebisha) zinazoletwa na wafadhili hufa mradi ukifungwa. Si lazima. Angalia DHIS2, programu huria ya takwimu za afya: mizizi yake ni DHIS iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, leo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Wizara yetu ya Afya hapa Uganda inaitumia kukusanya ripoti za vituo vya afya nchi nzima. Imedumu kwa sababu wapo Waganda wanaoijua ndani nje.

Kwa kuorodhesha visima vyenu, anzeni na ODK, programu huria ya kujaza fomu kwa simu. Simu ya kawaida ya Android yatosha. Unafika kisimani, unajaza fomu, unapiga picha ya pampu, unasubiri GPS itulie, unahifadhi. Mtandao usipokuwepo hakuna neno, utatuma ukifika mjini.

Kinachokula fedha ni seva (kompyuta inayopokea na kutunza fomu hizo) na mafunzo, na hapo ndipo vikundi vingi hukwama. Kwa hiyo kabla ya kutia saini mkataba wa mradi, mwambieni mfadhili awafundishe vijana wenu wawili watatu kuisimamia seva, na takwimu zibaki mikononi mwa kamati ya maji. Akikataa, mimi nisingesaini.