Kuku wanakoroma, PCR haikuona virusi

Ndugu, umesema kuku wanakohoa na kukoroma, lakini PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi) ya mapafu uliyohifadhi kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) haikuona kitu. Tatizo naliona hapo kwenye formalini. Inafaa kwa kuchunguza tishu kwa hadubini, ila huharibu RNA (vinasaba vya virusi hivi, ambavyo PCR huvitafuta) na huua virusi, hivyo hata kuoteshwa kwenye mayai haviwezi. Chagua kuku walioanza kuugua jana au juzi, si waliodhoofu wiki nzima. Peleka maabara koo la hewa na mapafu vikiwa vibichi, kwenye barafu. Ukishuku bronkaitisi ya kuambukiza (ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa ya kuku, ambao huweza kushika figo pia), ongeza figo. Waandikie watu wa maabara pia tarehe za chanjo, maana chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa) ya Newcastle, yaani kideri, nayo huweza kuleta jibu chanya. Vifo vikiwa vingi ghafla, tafadhali usipasue mzoga. Mwite daktari wa mifugo.