Akuaponiki au bwawa? Chukua ndimu kwanza

SWALI: Nina uwanja nyuma ya nyumba hapa Ganda, Malindi, na kisima chenye munyu kidogo. Nilitaka kuchimba bwawa la tilapia, lakini fundi ananishauri akuaponiki: samaki tangini, sukuma wiki kando, maji yanazunguka kwa pampu. Anasema chakula sinunui, samaki na mboga "vinalishana". Kipi kina faida? – Mama wa Ganda

JIBU: Mama, hilo neno "vinalishana" limenichosha. Sukuma haimlishi samaki. Samaki anakula, anatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, na naitreti ndiyo mbolea ya mboga. Chanzo cha yote ni gunia la chakula ulilonunua wewe. Tena tangini utanunua zaidi. Bwawa likitiwa samadi huota ukijani, na tilapia hula ule ukijani bure. Tangini cha bure hakuna: kilo moja ya samaki hutaka kama kilo moja na nusu ya chakula, hapo umelisha kwa makini.

Na hao bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kukaa sawa. Fundi anayemwaga vifaranga siku ileile aliyomaliza kufunga mabomba anawatia kwenye sumu ya amonia.

Kwako uwanja upo, kwa hiyo chimba bwawa. Udongo ukiwa wa mchanga, tandika karatasi ya plastiki nzito. Weka samaki 2 au 3 kwa kila mita ya mraba, na maji machafu ya bwawa mwagilia sukuma. Faida ya mbolea umeipata bila pampu. Munyu kidogo tilapia atauvumilia. Saladi ndiyo itakayoungua ncha. Mtu wa kisiwani Lamu, ambako maji matamu yanategemea vilima vya mchanga vya Shela, huyo ningemsikiliza akitaja akuaponiki, maana inaokoa maji kwelikweli. Sharti awe na betri. Samaki waliobanana tangini, umeme ukikatika usiku, alfajiri unawaokota.

Lakini kinachoniudhi zaidi pwani hii ni kokoto zinazojazwa kwenye kitanda cha mboga cha akuaponiki. Niliitwa mahali kuangalia tangi: samaki midomo juu wakitweta, mboga majani ya manjano, mishipa tu ya kijani. Mwenyewe alikuwa ameshauziwa dawa mbili. Nikatoa jiwe kwenye kitanda cha mboga, nikalikamulia ndimu. Likatoa povu. Lilikuwa tumbawe, kwa kuwa huku ndilo jiwe la bei rahisi. Tumbawe hupandisha pH, kile kipimo cha uchachu wa maji (7 ni katikati, juu yake uchachu umepungua), hadi 8 na zaidi. Hapo mboga haipati madini ya chuma, na amonia inakuwa kali: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Dawa ya chupa haiponyi jiwe.

Kwa hiyo yeyote anayeletewa mtambo "uliokamilika", kabla ya kutoa hata shilingi, amuulize fundi: pH itakuwa ngapi, unaipima na nini, na pampu ikizima nani ataamka? Akikujibu "usijali mama", mpe chai aende zake.