Maswali yenu: Kamati ya maafa hukutana lini, kabla au baada?

Septemba ikikaribia, barua za tetemeko huongezeka, hasa kutoka Kagera, mkoa uliopigwa na tetemeko Septemba 2016. Nimechagua chache.

Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba Ijumaa usiku tetemeko kubwa litapiga Kanda ya Ziwa. Tulale nje? (Msomaji, Muleba)

Laleni ndani. Hakuna mtu wala mtambo unaoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe huo ni uleule wa kila mwaka, hubadilishwa siku tu, nanyi kila mwaka mnausambaza.

Shikamoo mzee. Mimi ni mtendaji wa kata. Tumeagizwa tuhuishe kamati ya maafa. Kikao cha kwanza tujadili nini? (Kyerwa)

Marahaba. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hizi kuanzia kijijini hadi mkoani, na ya mkoa iko chini ya Mkuu wa Mkoa. Kwa hiyo kamati tunazo. Shida ni kwamba zikishaundwa, mahudhurio yanasainiwa, soda zinanywewa, kisha wajumbe wanaonana tena siku ya kupokea mablanketi mbele ya kamera.

Anza na kijiko, namaanisha mtambo wa kuchimbia. Nani anacho karibu nawe? Usiku wa Jumapili, nani ana mamlaka ya kumwambia mkandarasi akilete bila kungoja barua, na dizeli inalipwa kutoka fungu gani? Kumbuka Kariakoo, Novemba 16, 2024. Lilianguka jengo moja tu, tena katikati ya Dar es Salaam, jeshi na hospitali kubwa vikiwa jirani. Uokoaji ulichukua siku kadhaa na watu zaidi ya 20 walikufa. Sasa fikiria majengo thelathini kwa mpigo, katika wilaya ambayo gari la zimamoto likipatikana halina maji.

Kisha uliza funguo za stoo ya mahema anazo nani, na akisafiri anamwachia nani. Uliza pia wagonjwa watalazwa wapi iwapo hospitali yenyewe itapasuka. Swali hilo wengi hulikwepa, maana jibu lake linadai mhandisi wa halmashauri akakague kuta sasa hivi, na akikuta nyufa itabidi mtu atafute fedha.

Huku Rukwa mambo ya matetemeko tunayasikia tu redioni. Kwa nini mkoa utumie fedha kwa tatizo la Kagera? (Sumbawanga)

Ndugu yangu, tatizo ni lenu kabla halijawa la Kagera. Desemba 13, 1910, enzi za Mjerumani, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa 5.9. Tofauti inaonekana ndogo kwa tarakimu, lakini kwa nguvu inayoachiliwa ni zaidi ya mara 170. Mwaka 1910 nyumba nyingi zilikuwa za miti na nyasi. Leo mna tofali, ghorofa na mabweni. Mkae Bonde la Ufa halafu mseme hayawahusu!

Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Nifanye nini? (Hamugembe, Bukoba)

Kwanza chukua msumari ukwangue kati ya tofali na tofali. Udongo ukimwagika kama unga, ukuta huo hauna kinachoushika. Ukiweza, ongeza lenta ya zege yenye nondo izunguke nyumba nzima. Ile ya vipande juu ya milango haitoshi. Pembetatu ya tofali iliyo juu, chini ya paa, ibomoe uweke mbao au bati, kwa sababu huanguka mapema na huangukia wanaokimbia. Usihamishie kitanda cha watoto chini yake.

Na halmashauri isijifiche nyuma yako. Inatoza ada ya kibali cha ujenzi, je, mkaguzi alifika wakati msingi unachimbwa? Tetemeko la 2016 lilipiga saa 9:27 alasiri, Jumamosi, siku isiyo na masomo shule za msingi. Walikufa watu wasiopungua 17. Ihungo na Nyakato, shule zenye heshima, zilifungwa kwa uharibifu. Ingekuwa Jumanne asubuhi, sijui tungehesabu wangapi.

Michango ya 2016 ilikwenda wapi? Sisi wenye nyumba hatukuona kitu. (Wasomaji wengi)

Serikali ilisema itaielekeza kwenye miundombinu ya umma, haitamjengea kila mtu nyumba. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi huo. Kosa ni kwamba mliujua mkiwa tayari chini ya turubai. Mkoa utangaze leo, kwa maandishi, nani atapata nini na akaunti ya michango ni ipi. Akaunti iwe moja. Mnakumbuka Katibu Tawala wa Mkoa alivyotenguliwa wakati ule kwa madai ya akaunti ya pili yenye jina lilelile.

Likianza, nikimbie nje au niingie chini ya meza? (Karagwe)

Ukiwa mlangoni pa nyumba ya udongo, toka usimame mbali na ukuta. Ukiwa ghorofani, chini ya meza imara, na ngazi usiziguse hadi litulie.

Tupige namba gani? (Biharamulo)

Zimamoto 114, polisi 112. Hifadhi pia namba ya yule mwenye kijiko.