Maswali ya Wasomaji: Dakika Saba Mbele ya Darasa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Katika kozi yetu ya stadi za mawasiliano, kila mwanafunzi hutakiwa kutoa hotuba ya dakika saba kwa Kiingereza mbele ya wenzake. Ya kwanza iliniharibikia. Nilichapa kurasa nne kuhusu matumizi ya mkaa, nikianza na historia ya nishati duniani, nikazikariri wiki nzima, lakini katika ukurasa wa pili neno moja lilinipotea, na yote yaliyofuata yakapotea nalo. Nikaanza kusoma karatasi mbiombio huku mikono ikitetemeka, na muda ukaisha nikiwa ukurasa wa tatu. Mhadhiri aliandika: "Umesoma, hukuzungumza." Nina nafasi nyingine baada ya wiki tatu. Nifanye nini ili woga uniishe? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naomba nianze na karatasi zako kabla ya woga wako, kwa sababu nashuku kwamba woga umesingiziwa. Mtu anayezungumza Kiingereza kwa mwendo wa kueleweka hutamka maneno kati ya 120 na 150 kwa dakika, kwa hiyo dakika saba hubeba maneno kama 840 hadi 1,050. Kurasa nne zilizochapwa kwa mistari ya kubanana huweza kufika maneno 1,800. Hata ungekuwa na moyo wa simba, ungelazimika kukimbia. Na anayekimbia hupungukiwa pumzi, sauti yake hupanda, naye akiisikia sauti hiyo ngeni huzidi kuogopa. Hesabu ilikuwa imekuangusha kabla hujasimama.

Kosa la pili ni kukariri neno kwa neno. Sikulaumu, maana shuleni tumezoea kusifiwa kwa kukariri, lakini hotuba iliyokaririwa hivyo ni kama mnyororo, pete moja ikikatika yote huanguka. Anayejua anakoelekea hupotewa na neno, akachukua jingine, akaendelea, na hakuna anayegundua. Ndiyo maana kozi za utangulizi za kuzungumza mbele ya watu husisitiza njia ya katikati: hotuba iandaliwe kwa kina, mpangilio wake ujulikane barabara, lakini sentensi nyingi zizaliwe pale pale mdomoni.

Chukua mada yako ileile ya mkaa. Kwa maelezo yako, ulianza na historia ya nishati duniani, jambo ambalo hakuna aliyekuuliza. Anza na mama wa Tandale anayenunua mkaa wa kopo kila jioni. Kisha uliza kwa nini hanunui gesi ilhali anajua kuwa moshi unamuumiza, halafu ujibu: mkaa unaweza kuununua wa chungu kimoja cha maharage, lakini mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, unaujaza kwa fedha za mkupuo mmoja, na kipato chake huja kwa siku. Hapo ndipo utaje kwamba mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kuifikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na uwaombe wasikilizaji wakubaliane nawe juu ya jambo moja tu, kwamba lengo hilo litategemea namna gesi inavyouzwa kuliko mahubiri kuhusu madhara ya mkaa. Kadi yako, isiyozidi ukubwa wa kiganja, itakuwa na maneno haya: kopo, jioni, Tandale; mtungi, mkupuo; 2024, 80, 2034; ombi. Basi. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikariri, kwa sababu hizo ndizo mtu huzihitaji wakati kichwa kimeganda.

Usidhani kwamba mambo machache ni udhaifu. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, Novemba 1978, alisimamisha uamuzi mzito kuliko yote kwenye nguzo tatu, yaani uwezo, sababu na nia. Leo hata waliozaliwa miaka ishirini baadaye wanaweza kukutajia zote tatu bila kusita, ingawa hawajawahi kuisoma hotuba yenyewe.

Baada ya hapo ni mazoezi, na mazoezi ninayoyasema hufanywa kwa miguu na kwa sauti. Kupitia kadi kimoyomoyo kitandani hakuhesabiwi. Simama bwenini, weka simu irekodi, useme mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma hata ukikosea. Mara ya kwanza utatumia dakika kumi, au nne, na utajichukia; mara ya tatu utaona kwamba sentensi zimebadilika lakini hoja zimebaki mahali pake, na hapo ujue kwamba umeacha kukariri. Mara ya sita mwombe mwenzako wa chumbani akae mbele yako, na umpe ruhusa ya kupiga miayo. Kuhusu lugha, sioni ubaya kuyapanga mawazo kwa Kiswahili kwanza, ili ujue hasa unachotaka kusema. Lakini mazoezi yote ya sauti yawe kwa Kiingereza, kwani ulimi haupati wepesi katika lugha usiyoifanyia kazi.

Sasa woga. Hauishi, na wanaokuahidi kwamba utaisha wanakudanganya; unachoweza kufanya ni kuupunguzia nafasi. Jambo moja lililothibitishwa litakusaidia. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana kuliko unavyoonekana kwa kweli, na kwamba walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Basi nimeshakueleza. Mikono ikitetemeka usishike karatasi nyepesi, maana itapepea kama bendera. Kadi ngumu haipepei. Na kama alama ndizo zinazokukosesha usingizi, Martin Luther King Jr., mpigania haki za Wamarekani weusi aliyesifika kwa hotuba zake, alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia cha Crozer Theological Seminary huko Pennsylvania, alipewa daraja la C katika somo hilihili.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni binti wa Unguja, nasoma chuo mwaka wa kwanza. Fomu ya kutupimia ina alama za kuwatazama wasikilizaji machoni. Nyumbani nimelelewa kutomkazia macho mtu mzima, na mhadhiri wetu ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nikimtazama naona haya, nikitazama chini napoteza alama. (Msomaji, Mkunazini)

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Adabu uliyofunzwa si kasoro, na sikushauri uiache. Ila kukaza macho na kumtazama mtu unapomweleza jambo ni vitu viwili. Ukimpokea mgeni barazani unamtazama wakati unamkaribisha, kisha macho yanahama, hujamkosea. Fanya hivyohivyo darasani. Chagua wenzako watatu, mmoja kushoto, mmoja katikati na mmoja kulia, umpe kila mmoja sentensi nzima kabla ya kuhamia kwa mwingine. Kuhama kabla sentensi haijaisha ndiko kunakomfanya mtu aonekane ana wasiwasi. Mhadhiri naye atapata sentensi yake zamu ikimfikia, na kwa kuwa muda mwingi atakuwa ameinama akijaza fomu, pengine hamtakutana macho hata mara mbili. Usifuate ushauri wa kutazama ukuta juu ya vichwa vya watu, kwani wa mstari wa mbele huona wazi kwamba huzungumzi nao.

Ningependa pia wahadhiri wanaosoma safu hii wafikirie upya namna wanavyokipima kipengele hicho, kwa sababu fomu nyingi za aina hiyo zimefuata mazoea ya vyuo vya Marekani, ambako kumkwepa mtu macho huchukuliwa kuwa dalili ya kuficha jambo. Huku kwetu mara nyingi ni heshima.

SWALI: Je, slaidi ngapi zinafaa kwa dakika saba? Mwenzangu alikuwa na ishirini na mbili. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tatu zinatosha, na uwe umefanya mazoezi bila hata moja, kwa sababu umeme hukatika na projekta hugoma kuwaka siku ileile ya tathmini. Weka picha, ramani au takwimu moja kubwa. Aya nzima usiweke, maana wasikilizaji wataisoma na kuacha kukusikiliza. Na ile ya mwisho iliyoandikwa "Asante kwa kunisikiliza" ifute. Hilo liseme kwa mdomo wako.