Mrefu na Mfupi Hawatupi Sawa: Kwa Wenye Mkanda Mweupe

Ukianza judo utafundishwa seoi-nage kama wenzako wote. Unaingia, unageuka na kumpa mwenzako mgongo, nyayo zako zinakaa katikati ya zake, unakunja magoti mpaka kiuno chako kiwe chini ya mkanda wake, kisha unamvusha juu ya bega. Ifanye hivyo hivyo ulivyoelekezwa. Miezi ya mwanzo si ya kubuni. Ila mazoezi huru yakianza, watazame wakongwe wa darasa: hutaona wawili wanaoitupa sawasawa.

Miili ndiyo inayowatofautisha. Mfupi akikunja magoti kidogo tu, tayari yuko chini ya mpinzani. Mwenye mita 1.90 inambidi achutame hasa, na akichelewa kuinuka huvutwa nyuma, akajikuta chini anakabwa shingo. Mrefu wa namna hiyo huwa namshauri ashike kola juu, nyuma ya shingo ya mpinzani, halafu aweke nguvu zake kwenye uchi-mata, mtupo wa kufagia paja kwa ndani, au osoto-gari, wa kufyeka mguu kwa nje. Huko mguu mrefu ni mali.

Mtazame Toshihiko Koga wa Japani, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 katika uzani wa kilo 71, goti likiwa limeumia. Seoi-nage yake haikufuata nyayo za darasani. Alitanua miguu, mmoja ukienda mbali nje, na alitupa akiwa amesimama wakati wengi huangukia magoti. Vijana humwiga miguu, basi. Hawaangalii mikono, na kazi inaanzia huko: mpinzani anavutwa mbele mpaka uzito wake uhamie kwenye vidole vya miguu, ndipo unageuka. Tanua miguu kadiri upendavyo, badilisha mshiko, badilisha upande. Usipomyumbisha kwanza, umempa mgongo bure.

Hata mwasisi alibadilisha. Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan, shule ya kwanza ya judo, mwaka 1882, alipenda sana uki-goshi, mtupo wa kiuno. Mwanafunzi wake Saigo Shiro akajifunza kuuruka: kiuno kikiingia, yeye keshavuka upande wa pili. Kano akaongeza mguu wa kumfagia anaporuka, na hiyo ndiyo harai-goshi tunayofundishana leo. Saigo naye, mtu mfupi kweli, alivuma kwa mtupo uitwao yama-arashi. Ilimkaa yeye kuliko watu wengine, kiasi kwamba Kodokan ilipopanga upya orodha yake ya mitupo 40 mwaka 1920, yama-arashi iliachwa nje, ikaja kutambuliwa tena mwaka 1982. Kwa hiyo ukipata mtupo unaokukaa, usikimbilie kumfundisha jirani yako.

Utaupataje? Kila baada ya mazoezi huru, andika ni mtupo gani ulikaribia kumwangusha mtu mwenye uzito kama wako na asiyekuonea huruma. Mtupo unaokubali kwa mwepesi peke yake usiuhesabu. Jina moja likijirudia, mpelekee kocha, mwambie, "Mwalimu, hapa huwa nakwama," umwonyeshe mahali penyewe. Ukiwa mtu wa mkono wa kushoto, usijilazimishe mshiko wa kulia kwa sababu darasa zima linashika kulia. Wapinzani wengi hawajazoea kushikwa upande huo, na wewe kila siku unafanya mazoezi na wa kulia.

Angalieni na sheria, hasa mliotoka kwenye mieleka mkapenda kukamata miguu. Kwenye mashindano ya kimataifa, tangu 2013 kumshika mpinzani mguu kwa mkono ukiwa umesimama ni kosa. Mazoea hayo yaondoeni mapema.

Na kama goti linakuuma, seoi-nage ya kuangukia magoti iache kabisa kwa sasa. Mwambie kocha kabla darasa halijaanza, akupangie ashi-waza, yaani mitupo ya miguu, hasa ile ya kufagia kwa unyayo: hiyo hata mzee wa miaka 60 anakuangusha nayo, na hutajua imetoka wapi.