Haki za Raia: Zinatoka kwa Mungu au kwenye Katiba?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi na rafiki yangu tumebishana wiki nzima. Yeye anasema haki za raia zinatoka kwa Mungu, kwa hiyo hata Bunge haliwezi kuzigusa. Mimi nasema bila Katiba huna haki, una matamanio tu. Nani yuko sahihi kisheria hapa Tanzania? Na ukifika mahakamani, jambo hili linabadilisha chochote?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kabla sijampa mtu ushindi, fungueni Katiba yenyewe, ile ya mwaka 1977, mtazame jinsi inavyotumia maneno mawili: "mtu" na "raia".

Ibara ya 12 inaanza hivi: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Haikusema wanapewa uhuru, wala kwamba watakuwa huru kuanzia tarehe fulani. Imesema huzaliwa. Aliyeandika hivyo anakiri kwamba kitu hicho amekikuta. Ibara ya 14 ya haki ya kuishi, ya 15 ya uhuru wa mtu na ya 24 ya kumiliki mali zinasema "kila mtu", kwa hiyo hata mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana yumo. Sasa rudini Ibara ya 5. Hapo anatajwa "kila raia wa Tanzania aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane", ndiye mwenye haki ya kupiga kura. Sidhani rafiki yako atadai kwamba Mungu ndiye aliyechagua 18 badala ya 21. Huo ni uamuzi wa watunga sheria.

Kwa hiyo ubishi wenu umefunga mambo mawili kwenye kifurushi kimoja. Haki za binadamu, Katiba inazitambua. Haki za uraia zenyewe, kama kupiga kura, zinapata umbo na masharti yake kwenye sheria. Rafiki yako ana hoja kwenye fungu la kwanza, wewe kwenye la pili.

Lakini angalia: Katiba haikusema aliyetupa ni nani. Ibara ya 3 inaitaja Tanzania kuwa nchi isiyokuwa na dini, na neno "huzaliwa" limeachwa hivyohivyo, Mwislamu, Mkristo na asiye na dini kila mmoja alielewe kwa imani yake. Mimi naona ni busara, maana vinginevyo majaji wangeletewa vitabu vitakatifu wavitafsiri, na ugomvi wake usingeisha. Jirani zetu Kenya wamemtaja Mwenyezi Mungu kwenye utangulizi wa Katiba yao ya 2010, lakini wakifika Ibara ya 19 wanasema tu kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na Serikali.

Sasa hoja yako ya "bila Katiba huna haki". Sura ya haki za binadamu haikuwemo kwenye Katiba yetu tangu mwanzo. Iliingizwa na Sheria Na. 15 ya 1984, ikaanza kutumika Machi 1985, na hata hapo Serikali ikajipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla mtu hajaruhusiwa kuishitaki kwa msingi huo. Je, Mtanzania wa mwaka 1983 hakuwa na haki ya kuishi? Hata wewe utasita kujibu ndiyo. Ila angekwenda mahakamani na hoja hiyo, jaji angemuuliza: kifungu gani?

Kesi inayowahusu nyote wawili ni ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyetaka mgombea binafsi aruhusiwe kusimama bila chama. Mwaka 1994, Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Lugakingira aliandika jambo ambalo rafiki yako angelipigia makofi: haki za msingi si zawadi ya Dola, mtu huzaliwa nazo, kwa hiyo zimeitangulia Dola na sheria. Mtikila akashinda. Bunge likajibu kwa kubadilisha Katiba yenyewe, Sheria Na. 34 ya 1994, ili mgombea lazima awe mwanachama wa chama. Akarudi tena, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi wa pili.

Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaupindua. Ilisema mahakama haiwezi kutamka kwamba ibara ya Katiba inakwenda kinyume na Katiba, maadamu utaratibu wa kuibadilisha ulifuatwa, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la Bunge. Soma hapo polepole. Kama hakuna kilicho juu ya Katiba, basi theluthi mbili za wabunge zinazotakiwa na Ibara ya 98 ili kuibadilisha zinaweza kupunguza hata haki ambayo mtu alizaliwa nayo. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye udhaifu wa msimamo wako, ingawa ndio uliotawala kesi hiyo. Mtikila alikwenda Mahakama ya Afrika, Arusha, nayo mwaka 2013 ikasema haki zake zilivunjwa. Haikuegemea dini wala Katiba yetu. Iliegemea Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliusaini yenyewe. Mgombea binafsi hajaruhusiwa hadi leo, na mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi huko moja kwa moja.

Umeuliza kama inabadilisha chochote mahakamani. Kwenye kufungua shauri, hapana. Unakwenda Mahakama Kuu kwa Ibara ya 30(3), unafuata Sheria Na. 33 ya 1994, ile ya utaratibu wa kudai haki hizi mahakamani, na unataja ibara iliyovunjwa; marekebisho ya 2020 yaliongeza sharti la kuambatanisha kiapo cha maandishi kinachoonyesha jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika. Kwenye kutafsiri, inabadilisha sana: jaji anayeamini haki zimeitangulia sheria huibana Serikali ithibitishe kwamba ilikuwa lazima kuzipunguza, wakati mwenzake hutosheka akiona sheria ipo. Na rafiki yako asihuzunike. Mungu atatajwa kwenye faili, pale utakapoapa kwamba uliyoyaeleza ni kweli.